Pua ya Mama

Kazini maabara walimwita Kulikoni, na jina lilimkaa. Mama yake alipougua mafua makali, akapona lakini pua ikagoma kusikia harufu, ndugu wote walisema pole. Yeye aliuliza: kwani pua hufanya nini hasa?

Dada yake mkubwa hakuwa na muda wa maswali. Siku moja Mama aliacha jiko wazi bila moto, nyumba ikajaa gesi, naye ametulia zake anashona. Dada akaubeba mtungi akaufungia stoo. Tangu hapo Mama akawa wa kupikiwa, mgeni jikoni kwake mwenyewe. Iliwauma wote, hata dada.

Kulikoni akarudi maabara, roho juu. Alichukua grafini, yaani kaboni ileile ya ndani ya penseli iliyobanduliwa hadi ikabaki utando mwembamba mno, akaichanganya na chumvi ya bati, akaioka katika chombo cha chuma kilichofungwa. Ukatoka unga mweusi, chembe za oksidi ya bati zimeng'ang'ania utando kama kupe. Akaupaka kwenye kigae chenye nyaya. Gesi ikiugusa, umeme hubadilika, kengele ikalia.

Ililia kweli. Ililia hata gesi ilipofungwa. Alijikuna kichwa weee, mpaka alipokisogelea kifaa mikono ikiwa nyuma: kimya. Akainusa mikono yake. Ilikuwa spiriti, ile ambayo kila mtu wa maabara hujifutia kabla ya kugusa sampuli. Usafi wenyewe ndio uliokuwa ukimchongea. Alicheka peke yake, kisha akabadili mchanganyiko na joto hadi mikono ikawa haikiamshi tena.

Wakakifunga ukutani jikoni kwa Mama. Gesi ya majaribio ilipofunguliwa kikalia, ilipofungwa kikanyamaza. Dada akakubali kwa shingo upande kuurudisha mtungi. Mara Mama akaingia jikoni, kikalia.

“Si nilisema?” dada akauliza. “Kidude chako kina wazimu.”

Kulikoni hakubisha, alitaka kujua. Akakibandua, akazunguka nacho, kikazidi kulia kila alipomkaribia Mama. Akamnusa shingoni. Manukato, kama aliyeyaoga: spiriti tele, kuliko ya mikono yoyote ya maabara.

“Mama, umejipulizia mara ngapi?”

“Nitajuaje, mwanangu, na sisikii kitu? Nazidisha, nisije nikanuka mbele za watu nikawa wa mwisho kujua.”

Dada akainamisha macho. “Harufu naisikia kila siku, Mama. Niliona haya kukwambia.”

“Basi hiki hakina haya,” Mama akasema. “Kirudishe ukutani.”

Dada akaenda kuchukua ufunguo wa stoo.