Kinyonga wa Gati Chini ya Blanketi la Vifaranga

Wifi yangu Wegesa ni mtu wa vifaranga. Hapa kwetu Tarime, upande wa milimani ambako asubuhi ya mwezi wa saba inauma masikio, watu humletea vifaranga wa siku moja awatunzie mpaka waote manyoya. Anaweka chungu cha mkaa uliofunikwa majivu katikati ya boksi, anatandaza maranda, anafunika blanketi, basi. Miaka ishirini na mbili hajapoteza boksi hata moja. Na atakukumbusha hilo hata kama hujamuuliza.

Mwaka huu alipewa mgeni wa aina nyingine. Binti yake Gati anasomea wanyamapori chuoni, na alikuwa na kinyonga mmoja wa utafiti aliyemtoa porini huko Machochwe kwa kibali chenye muhuri. Kwa miezi mitano alimpima uzito kila Jumatatu. Alipoitwa chuoni kwa mitihani ya wiki mbili, alimwachia mama yake kibanda cha wavu, kipimo cha joto na unyevu, mzani, daftari la utafiti, na karatasi ya maelekezo. Kinyonga akifa, utafiti umekufa naye, na Gati anarudia mwaka. Hilo tulilijua sote.

Mimi kinyonga simpendi, nasema wazi. Tulikua tukiambiwa ukikutana naye njiani, geuka urudi nyumbani. Wegesa naye ni hivyohivyo, ila kwa ajili ya mtoto wake aliumeza woga. Alimlisha panzi kwa kijiti kirefu, uso ameugeuzia ukutani. Kumgusa, hapana.

Ile karatasi hakuisoma. Aliikunja akaiweka chini ya redio.

"Joto ni joto, wifi," aliniambia. "Mimi wa kufundishwa joto?"

Siku ya tatu baridi iliposhuka, alifunika kibanda chote kwa blanketi, akaingiza chungu chake cha mkaa ndani, na pembeni akaweka bakuli la maji la vifaranga.

Siku ya sita, saa sita mchana, nilipita kurudisha chekecheo lake.

"Wifi, njoo uone," aliita, na sauti haikuwa yake.

Alikuwa amefunua upande mmoja wa blanketi. Kinyonga alikuwa amekwea mpaka juu kabisa ya wavu, mdomo wazi, rangi imefifia kama jani kavu la mgomba. Macho yake yalikuwa yamezama ndani na kufumba, mchana kweupe. Kipimo kilionyesha joto nyuzi thelathini na tisa, unyevu asilimia ishirini na moja. Maji ya bakuli hayakuwa yamepungua.

Wegesa alimpigia Gati. Hapatikani, yuko kwenye mtihani. Akapiga tena, akapiga mpaka mara ya saba. Mimi niliichomoa karatasi chini ya redio nikaanza kusoma kwa sauti, na hasira ikanipanda kadiri nilivyosoma. Kinyonga hanywi maji yaliyotulia kwenye bakuli. Anakunywa matone juu ya majani, kwa hiyo nyunyiza asubuhi na jioni. Mchana apate joto upande mmoja tu, ahame akitaka. Usiku apoe. Hewa ipite. Usifunike.

"Kila kitu umefanya kinyume!"

"Soma, usinihukumu."

Alilivuta blanketi lote. Wavu ukatikisika, kinyonga akaachia mguu mmoja, kisha wa pili, akabaki ananing'inia kwa mkia. Chini yake kulikuwa na chungu cha moto. Mimi nilipiga kelele tu. Wegesa aliingiza mkono mtupu, akamdaka.

Tulimpeleka kivulini, chini ya mti wa kahawa. Nilitoboa chupa ya maji kwa pini, nikaining'iniza kwenye tawi. Tone likaanguka kwenye jani, likateleza mbele ya mdomo wake. Hakulitazama. La pili, la kumi, nikaacha kuhesabu. Wegesa hakumweka chini. Niliogopa kwa ajili ya Gati kuliko nilivyowahi kumwogopa kinyonga.

Baada ya karibu saa nzima jicho moja lilifunguka. Likazunguka, likalifuata tone. Kinyonga akalamba jani. Akalamba tena.

Wakati huohuo simu ikalia. "Mama, umenipigia mara saba! Kinyonga anaendeleaje?"

Wegesa alinitazama. Nilijua angeweza kusema hajambo, na mimi ningenyamaza.

"Nilimuua nusu, mwanangu," alisema. "Nusu nyingine nimeishika hapa mkononi."

Kisha Gati akauliza taratibu, "Umemshika kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Niambie la kufanya, nitafanya hilo tu."

Jumatatu Wegesa alimpima mwenyewe. Kinyonga alikuwa amepungua gramu sita. Nilimwambia kwamba mwalimu wa Gati akiiona namba hiyo atamlaumu mtoto, bora aache nafasi ile bila kuandika. Alifungua daftari la utafiti la Gati, akaandika gramu zote kama zilivyo, na chini yake, kwa herufi zake kubwa: "Alifunikwa akakosa maji. Kosa ni la Wegesa. Gati hakuwepo."