Ukianza na "Kama"

Sijawahi kupata msomaji mkali kama mama yangu, na niliyokuwa nikiandika wala hayakustahili ukali ule. Ninaishi Kitale, naiandikia tovuti moja uhakiki wa albamu, nyingi za injili na nyingine za vijana wa huku kwetu. Ni kazi ya kutafuta mifano. Ukisema tu kwamba mtu anaimba vizuri, mhariri anakurudishia makala na kuuliza chumvi iko wapi. Basi tunatia chumvi. Niliwahi kuandika kwamba sauti ya msichana mmoja wa Kiminini ni asali iliyomwagwa juu ya radi. Asali ikimwagwa juu ya radi inakuwaje, sijui, na wasomaji hawakuuliza. Mama ndiye aliyeuliza.

Alikuwa akiyasoma yote kwenye simu, nyumbani Lugulu, miwani imemshuka puani. Siku moja nilizisifu ngoma za bendi fulani kwamba zinanguruma kama lori la miwa lililokatika breki kwenye mteremko. Wakati huo bado alikuwa anasikia, akanipigia.

"Ati lori imekatika breki, na wewe umekaa tu hapo unasikiza mziki? Si ungekimbia, papa?"

Papa, yaani baba, ndivyo anavyoniita mimi mwanawe. Nilicheka, lakini nilikereka pia. Nilijiona mtu wa maana kidogo siku hizo.

Yeye mwenyewe alikuwa ameimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa tangu kabla sijazaliwa. Waliimba harusini, waliimba mazishini mpaka Myanga. Kisha masikio yakaanza kumwacha, polepole. Hospitalini walimpa kifaa cha kuvaa, akasema kinamletea kelele za sahani tu, akakifungia kabatini. Kwaya hakuiacha. Alisimama ubavuni mwa rafiki yake wa siku nyingi, akawa anakitazama kifua chake: kikipanda naye anaingia, kikishuka naye ananyamaza.

Walipokuja Kitale kurekodi, mimi ndiye niliyewapeleka studio, chumba kilicho nyuma ya duka la mbolea, kuta zake zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Fundi wa mitambo akawapanga alivyotaka. Rafiki wa Mama akasogezwa mbele, na Mama akawekwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakulalamika. Nami sikusema kitu, kwa kuwa fundi alionekana anaijua kazi yake.

Albamu ilichukua miezi mingi kutoka. Ilipotoka, Mama alikuwa hasikii tena chochote. Tulizungumza kwa simu yangu: mimi naandika, yeye anasoma na kunijibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa mno.

Jumamosi moja mchana nilifika kumwona. Alinimiminia chai, akasubiri ninywe, kisha akaniletea visikizio vya simu kutoka chumbani.

"Ile wimbo yetu ya mazishi iko kwa simu yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sikiza. Halafu uniambie tu kitu moja. Nasikika?"

Sikuelewa mara moja. Akaendelea, akiangalia meza.

"Waliniweka kwa mlango. Nafikiria hawakutaka niharibu. Ni sawa, lakini nataka kujua kama niko ndani ama siko."

Nikavaa visikizio. Alikuja akaketi mbele yangu, akawa ananitazama usoni. Niliusikiliza wimbo wote. Nilisikia sauti ya kwanza, nikasikia besi, nikamsikia na rafiki yake. Mama sikumsikia. Niliogopa, kwa kweli. Watu nisiowajua nilikuwa nimewapa radi na asali bila kujali, sasa huyu mmoja anataka neno moja tu, na neno hilo sina. Nikashika simu, nikaanza kuandika: "Mama, sauti yako ni kama"

Akaninyang'anya simu kabla sijaendelea.

"Hapana. Ukianza na kama, najua hujanisikia. Mimi nasoma mambo yako, papa. Rudia."

Nikarudia. Safari hii sikutafuta cha kuandika, nilimtafuta yeye. Ubeti wa kwanza, hayupo. Wa pili, hayupo. Mwisho wa ubeti wa tatu kwaya nzima inafunga pamoja na kunyamaza kidogo kabla ya kiitikio. Walifunga. Na katika ule ukimya sauti moja ikabaki, imelishika neno la mwisho, haijui kwamba wenzake wameshaacha. Ilikuwa sauti ile ile iliyokuwa ikiniita kutoka shambani jioni. Nililia pale pale, mbele yake.

"Nini?" akauliza. "Niliharibu?"

Nikaandika: "Ubeti wa tatu, mwisho. Wote wamenyamaza, wewe bado unaimba. Uko peke yako."

Alisoma, akasoma tena. Mkono wake ukaenda mdomoni. Nilijuta, nikaona bora ningemwandikia asali.

"Muda mrefu?"

"Pumzi moja," nikaandika.

"Na hawakunitoa?"

Nilijua, naye alijua, kwamba fundi angeweza kuikata sauti ile bila taabu. Nikaandika: "Hawakukutoa."

Alifuta miwani kwa khanga. Kisha akasimama kama wanavyosimama kanisani, mikono ubavuni.

"Weka tena. Tukifika pale, inua mkono. Wakifunga, ushushe."

Nilitoa kisikizio kimoja, nikabaki na kimoja. Ubeti wa tatu ulipofika nikainua mkono, Mama akaingia. Sikio moja lilikuwa na Mama wa studio, jingine na huyu aliyesimama mbele yangu. Kwaya ikafunga. Nikaushusha mkono. Alikuwa ananitazama, aliuona ukishuka, na hakunyamaza.