Fundi Kichwa-Chini

Kitabu hiki kinanuka petroli mpaka leo. Kimekaa kabatini kwangu miaka mingi, katikati ya khanga za marehemu mama, na kila nikifungua mlango harufu yake ndiyo inayonipokea kwanza: petroli, grisi na vumbi la Tabora. Ukurasa mmoja una alama nyeusi ya kidole gumba. Kidole ni cha Fundi Maganga. Kosa lililotokana na ukurasa ule lilikuwa langu, na sijawahi kulisema mbele ya watu, basi nalisema kwenu leo.

Baba alikuwa na gari dogo la Kiingereza, zee kuliko dada yangu, lenye mgongo wa mviringo. Mtaa mzima wa Mtendeni ulimwita Kobe, na sisi pia tulimwita hivyo, kama mtu wa nyumbani. Baba alimpenda kupita kiasi. Mama alikuwa akisema kwamba laiti Kobe angejua kupika, yeye angerudishwa kwao zamani.

Dada yangu Zuhura alipokuwa mdogo, Baba alimwahidi kwamba siku ya kuolewa atatoka nyumbani ndani ya Kobe, Baba mwenyewe akiendesha. Ahadi ni deni, na Zuhura hakuwa mtu wa kusahau. Akachumbiwa na kijana wa Lusu, kule Nzega, harusi ikapangwa Jumamosi. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo Kobe akagoma.

Baba mkwe wa Zuhura alipopata habari alituma ujumbe wa upole: tusihangaike, yeye ana pikapu. Sote tuliijua pikapu ile. Ilikuwa ya kubebea mbuzi mnadani, na hata ikioshwa ilitangulia kunuka kabla haijaonekana. Zuhura alilia mchana kutwa. Baba hakulia, lakini alisema kwa sauti ya juu, "Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka pwani. Leo mimi nishindwe kumfikisha bibi harusi Nzega?"

Akaitwa Fundi Maganga, jirani yetu. Alikuwa bingwa wa malori ya dizeli, na dizeli haina plagi wala distributa, ile inayogawa moto kwa kila plagi kwa zamu yake. Akafungua injini, akakuta kishafti cha meno kinachozungusha distributa kimelika. Kingine kilipatikana Kitete, kwenye gari lililokufa la aina ileile. Kukirudisha ndiko kulikokuwa na kazi. Kichwa cha kishafti kile kina mfereji unaokigawa vipande viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, na kikubwa lazima kielekee mahali pake, la sivyo moto unakwenda kwa plagi isiyo na zamu.

"Baba Zuhura, mimi na injini za plagi hatujuani sana," Fundi alikiri. "Lakini kitabu cha gari si unacho? Tutafutie wa kutusomea."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Nikaitwa mimi.

Nilikuwa darasa la tano, wa kwanza kwa Kiingereza, mwenye majivuno yasiyolingana na kimo changu. Wiki ileile mwalimu alikuwa ametufundisha saa kwa kutumia boksi lililokatwa duara. Mwingereza akisema mbili, sisi ni nane. Akisema saba, sisi ni moja. Aliyekosea alisimama kwa mguu mmoja. Mimi sikusimama hata mara moja.

Basi Jumatano nikasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu mkononi, Fundi kichwa ndani ya boneti. Nikasoma kwa sauti ya kusikika hata kwa majirani. Kitabu kilisema pistoni namba moja iwe juu, na kile kipande kikubwa kielekee "two o'clock".

"Nipe namba tu, mwalimu," Fundi akasema bila kuinua kichwa. "Kama uso wa saa. Kikubwa kielekee namba ngapi?"

"Nane!" nikajibu, haraka kama niko darasani.

Akakizungusha kishafti mpaka kipande kikubwa kikatazama pale inapokaa nane kwenye uso wa saa. Akafunga, akapangusa mikono, na hapo ndipo alipoushika ukurasa ule.

Jaribu la kwanza, Kobe alipiga chafya. Jaribu la pili alitoa mlio wa bunduki kwa nyuma, kuku wakaruka ua. Alhamisi nzima ilikwenda hivyo. Fundi alisafisha kabureta, akasugua pointi za distributa, akabadili petroli. Watoto wa mtaani wakaanza kuja kusikiliza risasi kama sinema ya bure. Ijumaa asubuhi nikamsikia Baba akimwambia Mama taratibu kwamba itabidi mtu apelekwe Lusu kuiomba ile pikapu. Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo namna ile.

Fundi akasema ajaribu la mwisho, plagi mpya. Nikatumwa dukani kwa Mzee Kanji. Nilikuta amefunga kwa chakula. Akanichungulia kupitia nondo za dirisha, mdomo umejaa.

"Saa nane kamili nafungua. Dakika moja kabla, hapana."

Nikakaa ngazini nikiitazama saa yake kubwa ya ukutani. Hakukuwa na kingine cha kutazama. Mshale mrefu ukapanda polepole mpaka ukafika juu kabisa, nikasema, "Nane!" huku nikiunyoshea kidole mshale mfupi. Na kidole changu kilikuwa kinaonyesha mbili.

Maisha yangu yote nilikuwa nasoma saa kwa mishale, sikuwahi kuzisoma namba zenyewe. Macho huona mbili, mdomo husema nane, na hakuna anayeshangaa. Lakini kishafti hakili chakula cha mchana wala hakiendi kuswali. Chenyewe kilitaka namba iliyoandikwa, na mimi nilikipa iliyo upande wa pili kabisa wa duara. Nikatimua mbio, Mzee Kanji akiita nyuma yangu, "We mtoto! Plagi!"

Ua wetu ulikuwa umejaa. Wanawake wanachambua mchele, Zuhura kakaa mkekani na hina mbichi mikononi, Baba ameegemea ukuta. Nikamwendea Fundi, nikamvuta shati, nikamnong'oneza sikioni nikiwa nalia, "Fundi, kitabu kilisema mbili. Mimi ndiye niliyesema nane."

Alinitazama. Akatazama ua ule na watu wote wale. Kisha akajipiga paji la uso, likabaki na doa la grisi.

"Jamani, nisameheni!" akapaza sauti. "Kumbe nimekiweka kichwa chini! Uzee huu! Mwalimu, njoo unisomee tena, leo nisikilize vizuri."

Watu wakaangua kicheko. Nikapanda ndoo yangu, nikasoma ukurasa ule tena mpaka mwisho. Akaitoa distributa, akakivuta kishafti, akakigeuza nusu mzunguko, akakirudisha. Baba akaingia, akashika ufunguo.

Kobe akaunguruma mara moja tu, akatulia, akaanza kuimba ule wimbo wake wa siku zote. Vigelegele vilisikika nadhani mpaka stesheni. Zuhura alicheza viganja juu, asiharibu hina, akitupiga sisi wengine kwa viwiko. Baba alibaki nyuma ya usukani akifuta macho, akisingizia moshi.

Jumamosi tulikwenda Lusu, Kobe mbele na mashada yake, na ile pikapu ya mbuzi nyuma yetu ikiwa imebeba wakwe waliokuja kumchukua bibi harusi, ikila vumbi letu njia nzima.

Fundi Maganga, kwa upande wake, alirudi Mtendeni kutoka harusini na jina jipya. Fundi Kichwa-Chini. Walimwita hivyo sokoni, msikitini na kwenye kahawa, naye akaitika na kucheka. Mimi nilifurahi kwamba nimeponea chupuchupu, nikadhani hata yeye ameshasahau kosa lilikuwa la nani.

Nilikuja kuwa mwalimu kweli. Siku moja mwanafunzi wangu alisoma vibaya mbele ya darasa, wenzake wakamcheka, nami nikachelewa kuwanyamazisha. Hakunyosha tena kidole muhula mzima. Jioni ile nilifungua kabati, nikakishika kitabu, nikalia kwa aibu na kwa shukrani. Fundi alikuwa na sekunde chache za kuchagua nani achekwe, akajichagua mwenyewe, kisha akanirudisha juu ya ndoo.

Mwaka jana nilikwenda kumwona. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Shikamoo, Fundi Maganga."

"Marahaba. Nani huyo anayeniita jina la kitambulisho?"

Nikataja jina langu, nikaanza, "Fundi, siku ile, mbele ya watu..." Hakuniacha nimalize. Alikuwa ameshasikia harufu ya kitabu mkobani.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Nilipofika mahali pale nikaacha kusoma kabla ya namba. Akanyosha kile kidole gumba chake hewani, juu, kuliani.

"Mbili, mwalimu," akasema. "Ile nane tulishaila na pilau ya harusi."