Mtu Mrefu wa Saïo

Wiki ile, seremala Polycarpe Mushagalusa hakupigilia hata msumari mmoja sawasawa. Karakana yake ilikuwa Kadutu, nyuma ya soko, na kabati la mteja mmoja lilisimama katikati likiwa halina milango. Yeye alikuwa mlangoni tangu asubuhi, akiwaita wapita njia awape habari: posho na yenga hii, Jumamosi na Jumapili, askari wa zamani wa vita vya Abisinia wanakutana Bukavu! Watatoka Luvungi, watatoka Mudaka, hata Shabunda kule porini, kama kamyo zitapata njia.

"Papa Polycarpe, uko unakata mbao ao uko unacheza?" aliuliza jirani yake Georgette, aliyeuza makala ya kupikia ng'ambo ya njia.

"Niko nafanya yote mbili, maman!"

Ulikuwa mwaka wa 1974. Tangu serikali iagize watu waache majina ya kizungu, kwenye karatasi alikuwa Mushagalusa tu, lakini mtaani alibaki Polycarpe. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mfupi, mpana wa mabega. Mpaka wiki ile, watu wengi hawakujua kabisa kwamba alikwenda vitani. Hata mke wake, Cibalonza, alijua tu kwamba mume wake alikwenda mbali kabla hawajaoana, akarudi amekonda, na mpaka leo radi ikipiga anatoka nje kusimama, hawezi kukaa ndani.

Kazi yake vitani ilikuwa kubeba majeruhi kwa machela. Siku za kupigania mji wa Saïo, juu kwenye milima ya Abisinia, mvua ilinyesha hata udongo ukawa kama sabuni. Mwenzake wa machela alianguka na machela ikavunjika. Polycarpe akamtwaa majeruhi mgongoni, askari asiyemjua, mguu umepasuliwa na risasi, akateremka naye mpaka kwenye hema ya daktari. Hapo walimpokonya yule mtu, wakamrudisha Polycarpe juu kuchukua wengine. Hakupata kumwuliza jina. Hakujua kama alipona. Miaka yote hiyo, swali hilo lilikaa naye, na hakumwambia mtu.

Siku ya posho alivaa suruali iliyopigwa pasi mara mbili, akafika kwenye sale, ule ukumbi wa parokia, kabla mlango haujafunguliwa. Wazee walianza kuingia, mmoja na fimbo, mwingine na nishani iliyong'arishwa kwa majivu. Walisimama wakitazamana kama watu waliokutana kwenye kilio, hakuna aliyemtambua mwenzake.

Ofisa mmoja wa serikali ya zone, amevaa abakosi yake, lile koti la serikali, alianza kuwaita kwa majina ya karatasi, kila mmoja "citoyen", yaani raia. "Citoyen Kashindi!" Mkono mmoja uliinuka nyuma. "Citoyen Mushagalusa!" Polycarpe alijibu, lakini kati ya askari hakuna aliyegeuka. Ofisa akaendelea, na sale ikazidi kuwa baridi. Mwishowe Xavier, aliyekuwa ajida, mkubwa wao wa kikosi zamani, mtu wa sauti kubwa, alishindwa kuvumilia.

"Pardon, citoyen. Hawa watu wote siwajue. Miye najua Léopold wa mutrayezi, ile bunduki kubwa! Léopold iko wapi?"

"Niko hapa, mon adjudant!" mzee mmoja alipiga kelele kule nyuma, na machozi yakamtoka palepale.

Basi sale ikapasuka. "Constantin!" "Venant! Weye ungali muzima?" "Nani alisema nilikufa?" Watu waliruka viti, wakakumbatiana, wakapigana mabega hata kofia zikaanguka. Ofisa alikunja karatasi yake, akatazama dirishani kama mtu asiyesikia kitu. Halafu akacheka, akaenda kutafuta kiti.

Kulikuwa na bugali, maharagi, nyama ya mbuzi, na kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye madumu. Walipokwisha kula, mmoja mmoja alisimama kusimulia. Ndipo akasimama mtu mrefu, mkavu, mguu wake wa kuume umekakamaa kama nguzo. Alisema yeye ni Benoît Kashindi, analima muchele Luvungi.

"Mimi sikukuja kula," alisema. "Nilikuja kutafuta mutu. Kule Saïo risasi ilinivunja huu muguu. Mutu moja alinibeba kwa mugongo, mu ile mvua, mpaka kwa munganga. Nilimwambia kwa Lingala, 'Tika ngai,' uniache nife. Hakusikia. Njia yote alikuwa anatukana mvua kwa Mashi, luga ya watu wa hapa, sawa vile anafukuza mbuzi mu shamba. Simujue jina. Kama iko hapa, asimame nimuone."

Sahani ilianguka mkononi mwa Polycarpe. Alisimama.

"Ni miye," alisema.

Benoît aliacha meza, akaja akivuta mguu, akasimama mbele yake. Alimtazama kutoka juu mpaka chini. Furaha iliyokuwa usoni mwake ikazimika.

"Hapana, ndugu. Unisamehe. Ule mutu alikuwa murefu. Murefu kuliko miye. Nakumbuka muzuri."

Wengine walicheka, si kwa ubaya. Polycarpe alijaribu kueleza habari za machela na hema, lakini kwa kile kicheko hakuna aliyemsikia. Tena yeye hakukumbuka kabisa kutukana mvua. Alikaa chini.

Nyumbani, kwa mara ya kwanza, alimweleza Cibalonza kisa chote, akisimama na kukaa, kusimama na kukaa.

"Iko muzima, mama! Ule mutu iko muzima, analima muchele!"

"Lakini anakukatala."

"Anikatale! Iko muzima!"

Cibalonza alimwekea chai mbele. Hakuwa amemwona mume wake hivyo tangu harusi yao.

Asubuhi ya yenga, wazee walijipanga chini, karibu na ziwa, wapande kwa mguu mpaka kanisa kuu, wasikilize misa. Wanawake walisimama kando ya njia wakipiga vigelegele, na ngoma ilitangulia. Xavier aliita hatua, na migongo ile iliyopinda ikanyooka. Polycarpe alikuwa mstari wa nyuma, Benoît mbele yake kidogo.

Katikati ya mlima, mguu wa Benoît ulikataa. Aliyumba, akashika ukuta wa nyumba ya watu. Walimletea gari la paroko. Akalikataa kwa hasira.

"Sikutoka Luvungi kuja kukaa mu motokari!"

Polycarpe alitoka mstarini, akachuchumaa mbele yake. "Panda."

"Weye, muzee mwenzangu? Utakufa."

"Nimesema panda!"

Watu walishangilia. Benoît alisita, kisha akalaza kifua chake kwenye mabega yale mapana, na Polycarpe akainuka. Mlima ulikuwa mkali. Alipiga hatua, akapiga nyingine, jasho likamwingia machoni, na bila kujua akaanza kuugombeza ule mlima kwa Mashi: nani alikuweka hapa, toka njiani, huna aibu, mama yako hakukufundisha heshima.

Mgongoni, Benoît aliinamisha sikio asikie. Halafu mwili wake wote ukaanza kutikisika.

"Unaumia?" Polycarpe aliuliza.

"Ile barabara iko mbali chini," Benoît alisema polepole. "Kule Saïo pia niliona udongo iko mbali sana. Nikasema, ule anayenibeba iko murefu kama muti." Alipiga bega la Polycarpe kwa kiganja. "Kumbe ni miye nilikuwa juu! Ndugu yangu! Ni weye! Ni weye!"

Polycarpe alitaka kumteremsha amkumbatie. Benoît akakataa. "Endelea! Tufike kwanza!" Wazee walivunja mistari, wakawazunguka, wakaimba. Xavier alisahau kuita hatua. Waliingia uwanja wa kanisa hivyo hivyo, na padri aliyekuwa akingojea mlangoni alianza kupiga makofi kabla ya kujua ni kwa sababu gani.

Siku iliyofuata, kamyo ya kwenda bondeni, upande wa Luvungi, ilipowasha moto, Benoît alikuwa tayari juu ya magunia. "Kuja uone watoto wangu," alisema. "Wako saba. Wote ni wa mugongo yako." Polycarpe aliangalia upande wa Kadutu, kwenye kabati lisilo na milango. Akamwomba Georgette, aliyekuja pale kwenye kamyo kununua makala, apeleke habari nyumbani, akapanda.

Alirudi siku ya tano, uso umeungua na jua la bondeni, sauti imekauka, gunia la muchele begani. Mteja wa kabati alikuwa ameketi mlangoni, amekasirika. Polycarpe alimsalimu, akamwambia avute kiti karibu, kwa sababu Cibalonza naye alikuwa amekaa tayari, na habari ya Luvungi ilikuwa ndefu.