Fonti Mbili, Jina Moja

Nilirudi kutoka kazini mchana nikamkuta mwanangu bado amelala toka asubuhi. Nikamtingisha. Nikampa ziwa, mdomo haukushika. Mama mkwe kasimama mlangoni ananiangalia.

"Mama, umempa dawa gani?"

"Hiyo hiyo ya degedege mliyoileta jana. Si nimefuata karatasi?"

Karatasi yenyewe niliipanga mimi. Nafanya kazi stesheneri hapa Mpanda mjini, na duka la dawa liliagiza kwetu vikaratasi vya kutia kwenye bahasha za vidonge. Niliandika nusu kwa ile alama yake, ½, halafu "kidonge asubuhi na jioni". Kwenye skrini nusu ilikuwepo, naapa. Kwenye karatasi aliyoshika mama mkwe palikuwa na uwazi tu, halafu "kidonge". Na kidonge bila namba, kwa Kiswahili chetu, ni kimoja. Alisoma vizuri kabisa.

Hospitali wakamtundikia dripu. Kesho yake akaamka, akalia kwa sauti ndogo. Nikamwachia dada yangu, nikaenda kazini na hasira za kuua mtu.

Fonti niliyotumia, yaani umbo la herufi kwenye kompyuta, zilikuwa mbili, jina moja. Moja mpya, iko kwenye mfumo wa kompyuta, ina alama ya nusu. Nyingine ya zamani, imejificha kwenye folda ya programu ya kupangia vitabu, haina. Skrini inachukua ile mpya, printa inachukua hii ya zamani. Nilishamwambia bosi hadi nikachoka: tubaki na moja. Yeye: "Fonti ni fonti, mama. Unataka kuniharibia programu?"

Safari hii nikamwekea karatasi usoni. "Soma."

"Kidonge asubuhi na jioni."

"Vingapi?"

"Kimoja." Akanirudishia karatasi. "Sasa si ungeandika nusu kwa herufi? Jazba za nini?"

Nikaifuta ile ya zamani anaona, nikaprinti, nusu ikatoka. Kazi yenyewe ndiyo hiyo tu. Kwa kitu hicho tu mwanangu alikuwa haamki.

Nikaenda duka la dawa na kalamu. Karatasi zilizobaki nikaziandika NUSU kwa mkono. Nikamuuliza muuzaji ni ngapi zilizokwisha toka.

"Ni ya kwako na nyingine moja, dada. Mama mmoja wa kijiji cha Sibwesa, ana kachanga pia. Juzi."

"Namba yake?"

"Alisema hana simu."

"Jina?"

Akatikisa kichwa. Nyie mnauza dawa za watoto hamuandiki hata jina!

Nikatafuta bodaboda aende kumtafuta yule mama. Kijana akaniuliza, "Sasa Sibwesa nzima nitamuulizia nani?"

"Uliza nyumba yenye mtoto anayelala sana."

Akacheka, akaacha aliponiona uso. Alikwenda. Alirudi jioni, pikipiki imejaa vumbi, akasema kauliza mpaka zahanati, hakuna anayemjua.