Gari la Mama

Muuzaji amepuliza pafyumu ndani ya gari ninalotaka kununua kuficha harufu ya unyevu, na nimeshikwa na hasira kabla sijajua kwa nini.

Ni harufu ileile ya gari la Mama, nikiwa binti mdogo. Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliuza vitenge Kariakoo, akajinyima miaka ili apate gari dogo la mtumba la kutupeleka Moshi Krismasi. Siku ya kulichukua akaongozana na baba mdogo, maana kila mtu alimwambia mwanamke akienda yadi ya magari peke yake atapigwa kwenye bei. Muuzaji akamwita baba mdogo "bosi", akampa ufunguo yeye.

"Shemeji, acha niendeshe mimi," baba mdogo alisema. "Foleni ya Buguruni utaiweza wapi?"

Mama alikuwa na leseni. Akaingia nyuma na sisi, nailoni ya viti ikinata mapajani. Krismasi ile baba mdogo alienda Moshi na gari letu, yeye na rafiki zake. Sisi tulipanda basi.

Sasa muuzaji anamnyooshea ufunguo fundi niliyemleta akague injini.

"Bosi, ijaribu."

Nimeweka mkono wangu katikati yao, na siutoi.