Nesi Mizani na Mistari Myekundu

Mistari mia mbili na kumi na saba, yote myekundu. Nesi Mizani aliruka kwenye kiti utadhani kompyuta imemng'ata.

“Shemeji! Umeifanya nini seva yangu?”

“Mimi? Nimebadilisha neno moja tu.”

Tumjue kwanza huyu dada. Ana miaka kumi na minne kwenye kliniki ya watoto, kazi yake kuwaning'iniza wachanga kwenye mizani huku wakimlilia sikioni, mpaka jina la mizani likamganda. Mwaka jana akachoka kuhesabu tarehe za chanjo kwa vidole, akaamua kujifunza kuandika programu. Kwa video, saa ya chakula cha mchana, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya dawa ya mikono. Wenzake wakacheka weee. Yeye akakaza. Sasa seva anayo, imekaa kwenye kompyuta ya chumba cha kadi: unaingiza umri wa mtoto na tarehe ya kuzaliwa, inakutolea siku ya kurudi. Na Jumatatu mganga mkuu anaondoa daftari la zamani. Kuanzia hapo tarehe za watoto wote zitatoka kwa Mizani.

Ndiyo maana Jumamosi hii asubuhi alimwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye anaandika programu kwa mshahara, aje aikague. Tuseme ukweli: aje aisifie.

Shemeji badala ya kusifia akafungua faili la mipangilio. Lugha aliyotumia Mizani, TypeScript, inapenda kuambiwa kila kitu ni cha aina gani, namba au maandishi, na ukiiwashia ukali inakukagua kabla programu haijaanza kazi. Siku ile Mizani anaanzisha mradi, shemeji alimwambia kwa simu awashe ukali. Akawasha. Ikatokea mistari mitatu myekundu ya makosa, akaona huo ni umbea, akazima. Toka siku hiyo, raha mustarehe, mpaka leo shemeji alipouwasha tena kwa neno moja.

“Mimi mama mkwe ninaye tayari,” Mizani alijitetea. “Sihitaji wa pili ndani ya kompyuta.”

“Huyo mama mkwe ni mama yangu, shemeji.”

“Ndiyo maana nakwambia wewe.”

Wakaanza kuifuta mmoja mmoja. Mingi ilikuwa ya kijinga tu, Mizani akaanza kupumua. Halafu wakafika kwenye umri.

“Inasema hujaiambia umri ni kitu gani,” shemeji alisoma.

“Umri ni umri! Namba!”

“Basi andika ni namba.”

Akaandika kwa hasira. Wekundu ukatoka pale, ukahamia mistari kadhaa juu, mahali ambapo fomu inakabidhi umri. Shemeji akasogeza kiti. Utani ukamwisha usoni.

“Fomu yako inaleta maandishi, shemeji.”

“Sita ni sita bwana.”

“Kwako wewe. Kwa hii, sita ya fomu ni mchoro tu. Ukiiambia iongeze tatu haijumlishi, inabandika tatu pembeni. Hebu ingiza mtoto wa miezi sita.”

Mizani akaingiza pacha mmoja aliyempima juzi, kazaliwa kumi Januari, anatakiwa arudi akitimiza miezi tisa kwa chanjo ya surua. Ikatoka: kumi Aprili.

“Si hiyo hapo? Tarehe safi kabisa,” alisema, maana kuhesabu kwa vidole alishaacha.

“Ya mwaka gani?”

Hapo sasa. Kadi za kliniki hazina mwaka. Kisanduku chenyewe cha tarehe ni kidogo kama ukucha, kwa hiyo miaka yote wanaandika siku na mwezi, basi, na Mizani akaifundisha seva tabia hiyohiyo. Akaiambia ionyeshe mwaka.

Pacha wa watu alikuwa anatakiwa arudi akiwa na miezi sitini na mitatu.

Mizani alisogeza uso karibu na kioo. Akasoma tena. Akagusa kioo kwa kidole, kana kwamba mwaka ule ni uchafu utatoka.

“Miaka mitano na ushee,” shemeji alisema taratibu. “Afadhali bado hujaanza kuitumia.”

Mizani akaanza kuhesabu kitu kwa vidole.

“Shemeji. Hujaanza, si ndiyo?”

“Niliijaribu wiki hii.” Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. “Kwa watoto wa kweli. Kumi na mmoja, wote wa miezi sita.”

Watoto kumi na mmoja, na mama zao wameshika kadi zenye tarehe nzuri tu, miezi halali, ambayo wangeisubiri mpaka mwakani. Nusu mwaka mzima surua ikiwa inazunguka nao mtaani. Mkono wa Mizani ulikuwa umeshavuta daftari la zamani, kwenye namba za simu.

“Mama mapacha? Nesi hapa. Ile Aprili kwenye kadi sio.”

“Khaa! Na mimi nilivyofurahi! Nikasema safari hii mmetuhurumia wenye wawili.”

“Ifute. Ni Oktoba, tarehe kumi. Mwaka huuhuu.”

“Kalamu sina karibu, nesi.”

“Katafute. Nangoja.”

Akangoja amesimama. Kwa mkono wa pili alimwandikia mganga mkuu kwamba daftari lisiguswe Jumatatu, kosa ni lake, atakuja kueleza. Akatuma kabla moyo haujageuka.

“Haya nimepata,” mama mapacha akarudi, mtoto akilia nyuma yake. “Sema tena, na ya huyu wa pili pia.”

Akasema tena, ya wote wawili, akakata, akapiga kwa anayefuata.